Macho makavu yanayotoa machozi: tiba ya nyumbani ianzie wapi?

"Daktari, habari za kazi. Nina miaka 46, nina stesheneri karibu na stendi hapa Dodoma. Nachapa, natoa kopi, na msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi nashinda kwenye kompyuta tangu saa mbili asubuhi hadi saa moja usiku, feni ikinipuliza usoni kwa sababu ya joto la mashine. Karibu mwaka sasa macho yananichoma, hasa baada ya chakula cha mchana, utadhani yameingia mchanga. Maandishi yanafifia, nikipepesa yanarudi. Nikipanda bodaboda machozi yanachuruzika mpaka naona aibu. Duka la dawa walinipa matone ya antibiotiki mara mbili, sikuona nafuu. Jirani akanipa chupa yake ndogo, jina linaanza na Dexa, na hiyo ndiyo inayonituliza; nimeitumia kwa vipindi karibu miezi miwili. Wiki iliyopita mtaalamu wa miwani aliniambia nina macho makavu. Makavu vipi, na machozi yanamwagika? Wifi yangu anasema nitie asali mbichi, mama mkwe anasema maziwa ya mama anayenyonyesha. Mimi napenda tiba za asili, sitaki kuwa mtumwa wa matone. Nifanye nini nyumbani? Nilisahau: natumia Piriton karibu kila siku kwa ajili ya mafua ya vumbi, na nimekulia kijijini Kongwa, ambako mama aliwahi kufanyiwa upasuaji wa vikope."

Salama, dada, na ahsante kwa kuandika kwa kirefu. Yale uliyoyaongeza mwishoni ukisema umesahau yana uzito kuliko unavyodhani, na nitayafikia. Ila nianze na ile chupa ya jirani, kwa kuwa mengine yanaweza kusubiri na hiyo haiwezi.

Dawa za macho zenye majina ya namna hiyo kwa kawaida zina deksamethasoni, ambayo ni steroidi, mara nyingi ikiwa imechanganywa na antibiotiki. Nafuu uliyoipata ni ya kweli, hukujidanganya. Macho makavu huwa yamevimba kwa ndani kwa kiwango kidogo, na steroidi hutuliza uvimbe huo haraka. Hata sisi huwaandikia baadhi ya wagonjwa dawa za kundi hili, lakini kwa siku chache, na tukiwa tunawapima. Tatizo ni kwamba kwa baadhi ya watu steroidi hupandisha presha ya jicho. Haiumi wala jicho haliwi jekundu. Uwezo wa kuona huanza kupungua pembeni, na mtu hushtuka wakati mshipa wa fahamu wa jicho umekwisha kuharibika, na mshipa huo haurudi. Ikitumika muda mrefu huleta pia mtoto wa jicho. Na kama ndani ya jicho kuna kirusi cha hepesi au fangasi, steroidi huvipa nafasi ya kula kioo cha jicho, ule utando angavu wa mbele ya jicho, huku wewe ukijisikia vizuri.

Kwa hiyo usiitie tena, na ndani ya wiki hii nenda kliniki ya macho upimwe presha ya macho yote mawili. Ni kipimo cha dakika chache. Uwezekano mkubwa utakuta iko sawa, maana umeitumia kwa vipindi, ila hilo la kukisia mimi nikiwa mbali na wewe silikubali. Ukiachana nayo, macho yanaweza kuchoma zaidi kwa siku kadhaa. Usione kwamba ndiyo ushahidi kuwa unaihitaji. Na kuhusu kuazimana chupa za macho, hata kama dawa ingekuwa salama kabisa, ncha ya chupa ikigusa kope la mtu mmoja hubeba vijidudu vyake hadi kwa mwingine.

Sasa swali lako la msingi: makavu vipi, na machozi yanamwagika?

Kuna machozi ya aina mbili. Yapo yanayokaa juu ya jicho muda wote bila wewe kujua, utando mwembamba sana, unene wake kama sehemu tatu kati ya elfu moja za milimita. Na yapo ya dharura, yale ya kitunguu, ya moshi na ya msiba, ambayo hutoka kwa wingi kwenye tezi kubwa iliyo juu ya jicho upande wa nje. Ule utando wa kudumu hauna maji peke yake. Chini kuna ute unaoushikilia kwenye jicho, katikati maji, na juu kabisa mafuta membamba yanayozuia maji yasikauke kwa hewa. Utando ukiwa mzima, husimama bila kupasuka kwa zaidi ya sekunde 10, na kabla haujapasuka wewe umekwisha pepesa na kuutandaza upya.

Wako unapasuka mapema. Ukipasuka, kioo cha jicho kinabaki wazi kwa hewa mahali padogo padogo, na kioo hicho kina neva nyingi za maumivu kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili. Ndiyo maana unahisi mchanga ambao haupo. Ndiyo maana pia maandishi yanafifia na kurudi ukipepesa: uso wa jicho umekuwa si laini, ukipepesa unalainika. Neva zikipiga kelele, tezi kubwa hujibu kwa machozi ya dharura. Yanamwagika mashavuni, lakini ni maji matupu, yana mafuta na ute kidogo mno, hayadumu juu ya jicho. Upepo wa bodaboda huongeza ukaukaji, kwa hiyo huongeza mafuriko. Mtaalamu wako wa miwani hakukosea.

Hapo unaona kwa nini antibiotiki hazikusaidia, maana hakukuwa na mdudu wa kuua. Na unaona kwa nini kutia kitu cha maji maji chochote, kiwe cha dukani au cha jikoni, hakigusi chanzo. Kwa maelezo yako sidhani kwamba macho yako yana upungufu wa maji. Yana upungufu wa mafuta na upungufu wa kupepesa, na vyote viwili hutibiwa kutoka nje ya jicho. Ukitaka tiba ya asili, hiyo ndiyo ya asili kuliko zote, na wala haihitaji kutia kitu ndani.

Tuchukue mafuta kwanza. Kwenye ukingo wa kila kope, nyuma kidogo ya nywele, kuna safu ya vitundu vidogo, kati ya 20 na 40 hivi kwa kila kope. Ni midomo ya tezi za Meibom, zilizopewa jina la daktari Mjerumani aliyezieleza mwaka 1666. Kila unapopepesa kikamilifu, makope hukamuana na kutoa mafuta kidogo. Mafuta hayo yakiwa mazima huwa maji maji kwenye joto la kawaida la kope. Mtu asipopepesa vya kutosha, au umri ukisogea na homoni zikabadilika (miaka 46 ndipo mabadiliko hayo huanza kwa wanawake wengi), mafuta huwa mazito na kuziba midomo ya tezi. Bila shaka umewahi kuona mafuta ya nazi asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba hapo Dodoma: yameganda, ukigeuza chupa hakitoki kitu, ukiisimamisha kwenye maji ya moto yanateremka. Tezi zako zinataka jambo hilo hilo.

Joto linalotakiwa ni nyuzi 40 hivi kwenye kope, kwa dakika tano hadi kumi. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanalowesha taulo, wanaiweka machoni, wanaiacha mpaka ipoe, wanasema wameshajaribu na haikusaidia. Taulo mbichi hupoa ndani ya dakika moja au mbili. Muda uliobaki unakanda kwa ubaridi. Chukua vitambaa viwili vidogo safi na beseni la maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, chupa ya chai ikiwa karibu ya kuongezea. Jaribu kitambaa kwanza upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Kikiunguza pale, kitaunguza kope. Funga macho, weka kitambaa kimoja, kikianza kupoa badilisha. Wenye maikrowevu hujaza mchele mkavu kwenye soksi safi ya pamba, wakaipasha kwa sekunde chache, nayo hushika joto muda mrefu zaidi. Kuipasha soksi hiyo kikaangoni juu ya jiko sikushauri. Joto halilingani, na nimeona kope zilizobabuka.

Makope yakiwa bado na joto, osha mikono, funga macho, kisha kwa ncha ya kidole kamua taratibu: kope la juu unashusha kuelekea nywele, la chini unapandisha kuelekea nywele. Taratibu, si kusugua jicho lenyewe. Halafu futa ukingo wa kope kwa pamba au kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kama kuna magamba kwenye mashina ya nywele, tone moja la shampuu ya watoto katika nusu kikombe cha maji hayo husaidia kuyatoa. Ikikuwasha, acha, maji yanatosha. Fanya asubuhi na jioni kwa mwezi mzima kabla hujaamua kama inafaa. Siku nne za kwanza wengine huona ukungu zaidi, kwa sababu mafuta yaliyokaa muda mrefu ndiyo yanayotoka. Ukipata nafuu, punguza iwe mara moja kwa siku, ila usitegemee kuacha kabisa. Tezi hizi zikishazoea kuziba, huziba tena.

Kama unapaka wanja kwenye ukingo wa ndani wa kope, uache au uusogeze nje ya nywele. Pale ndani ndipo midomo ya tezi ilipo, na unaiziba kwa mkono wako mwenyewe. Baadhi ya wanja za unga zinazouzwa sokoni zimekutwa na risasi, kwa hiyo kuna sababu ya pili.

Sasa kupepesa. Mtu aliyetulia hupepesa mara 15 hivi kwa dakika. Akikodolea kompyuta hushuka hadi 5 au 7, na nyingi kati ya hizo ni nusu nusu, kope la juu halifiki chini. Wewe unajaza fomu za watu, namba za mtihani, namba za NIDA, makosa hayaruhusiwi. Ndivyo jicho linavyokodolewa. Ndiyo maana maumivu huja mchana na si asubuhi. Jifunze kufunga macho kikamilifu, hesabu moja, mbili, fungua. Mara kumi. Fanya kila unapobonyeza kuchapa na kusubiri karatasi itoke. Mashine ya kopi ikinguruma, wewe funga macho. Wagonjwa wangu wanaofunganisha zoezi hili na kitu wanachokifanya tayari ndio wanaolikumbuka. Wanaotegemea saa ya simu huizima siku ya tatu. Na kila baada ya dakika 20 tazama mbali, mita sita au zaidi, ng'ambo ya barabara, kwa sekunde 20.

Angalia pia skrini yako imekaa wapi. Katika stesheneri nyingi nilizoingia, skrini imepandishwa juu ya kasha la kompyuta ili meza ipate nafasi. Ukitazama juu, makope yanafunguka sana na eneo la jicho linalokaushwa linakuwa kubwa. Ishushe mezani, ukingo wake wa juu uwe chini kidogo ya usawa wa macho yako. Bure kabisa, na kwa baadhi ya watu hili peke yake hupunguza nusu ya adha.

Feni isikupulize usoni. Najua joto la mashine, sikwambii uizime. Iweke chini ielekee miguuni, au nyuma yako ielekee mashine zenyewe. Usiku vivyo hivyo, kama unalala na feni isielekee kichwani. Kuna ushauri unaozunguka mitandaoni wa kuweka beseni la maji chumbani ili hewa iwe na unyevu. Katika chumba kilichofungwa chenye kiyoyozi unaweza kusaidia kidogo. Katika kibanda chenye mlango wazi, hewa ya Dodoma ya mwezi wa nane na upepo wake, utamwagia mteja maji miguuni na macho yatabaki vile vile. Kwenye bodaboda vaa helmeti yenye kioo na ukiteremshe, au miwani inayokumbatia pembeni.

Miwani. Hukusema kama mtaalamu alikupa ya kusomea. Kwa umri wako karibu kila mtu anaihitaji, na asiye nayo hukaza macho, na anayekaza hapepesi. Kama ulipewa ukaiweka kabatini, itoe.

Piriton sasa. Dawa hii hukausha mafua kwa kuzuia majimaji, na haichagui pua. Hukausha mdomo na hukausha macho. Ukimeza karibu kila siku kwa mwaka mzima, unafuta kwa mkono mmoja unachokiandika kwa mwingine. Sikwambii uvumilie mafua. Mwambie daktari, maana kwa mafua ya mzio dawa ya kupuliza puani mara nyingi hufanya kazi vizuri zaidi na hukausha macho kidogo kuliko vidonge. Zipo dawa nyingine zenye tabia hiyo: amitriptilini, baadhi ya dawa za presha, baadhi ya dawa za chunusi. Kama unatumia dawa ya presha usiiache kwa ajili ya jicho, uliza kwanza. Na jambo moja la kujichunguza: macho yako yanachoma, au yanawasha? Uliandika yanachoma, nami nimekujibu kwa hilo. Yakiwa yanawasha mpaka unataka kuyafikicha, hasa pembeni karibu na pua, huo ni mzio zaidi kuliko ukavu, na mzio hutulizwa kwa kitambaa cha baridi, si cha moto. Wengi wana vyote viwili. Kwa hali yoyote usifikiche.

Nifike kwa wifi na mama mkwe, kwa heshima zote. Asali ina uwezo wa kuzuia bakteria, hilo si uzushi, na kuna dawa za macho zilizotengenezwa kwa asali iliyosafishwa maalumu viwandani. Asali mbichi ya chupa ya soda ni kitu kingine: ina chavua, vumbi la mzinga, na mbegu za vijidudu ambazo asali huzilaza bila kuziua. Kwa nini basi watu huapa kwamba iliwasaidia? Kwa sababu inachonyota vibaya, machozi ya dharura yanabubujika, uvimbe wa siku hiyo unaoshwa, na mtu anajisikia mwepesi kwa saa moja. Kilichomuosha ni machozi yake mwenyewe. Shubiri ni hivyo hivyo, na utomvu wake wa njano unaunguza zaidi. Maziwa ya mama ni chakula bora kuliko vyote kwa mtoto, lakini yana sukari na bakteria wa kwenye ngozi, na ndani ya jicho lenye michubuko midogo hayo ni malisho. Majani ya chai yaliyowekwa kwenye macho yaliyofungwa hayana dhara, ila kinachosaidia ni joto la maji, si chai. Matango yanapoza tu. Maji ya chumvi ya nyumbani hayawezi kulingana na chumvi ya machozi, wala hayawi safi kwa kiwango ambacho jicho linadai.

Nisisitize hili la usafi kwa mfano mmoja. Mwaka 2023 nchini Marekani, matone ya machozi bandia kutoka kiwanda kimoja yaliingiwa na bakteria sugu. Watu 81 katika majimbo 18 waliambukizwa. 14 walipoteza uwezo wa kuona, wanne waliondolewa jicho na wanne walifariki. Hicho ni kiwanda kilichotakiwa kufuata taratibu. Kikombe cha jikoni hakina hata taratibu za kuvunja.

Karoti, basi? Vitamini A ni lazima kwa uso wa jicho, na mtoto anayeikosa macho hukauka kweli kweli, haoni jioni, na anaweza kupofuka. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Lakini mtu mzima anayekula mchicha, matembele, maembe na maini mara kwa mara hana pengo la kuzibwa, na karoti za ziada hazitampa mafuta ya kope. Vidonge vya mafuta ya samaki vilisifiwa sana mpaka utafiti wa mwaka 2018 uliowafuatilia watu 535 wenye macho makavu kwa mwaka mzima: waliomeza gramu tatu za omega-3 kila siku hawakuwazidi kwa maana yoyote waliomeza mafuta ya zeituni. Kula samaki kwa sababu ni chakula kizuri. Fedha ya vidonge nunua miwani. Maji kunywa ukisikia kiu. Lita tano hazitafika machoni, zitafika chooni.

Umesema hutaki kuwa mtumwa wa matone, na nakuelewa. Ila usiweke matone yote kapu moja. Matone ya kuondoa wekundu hubana mishipa ya damu. Dawa ikiisha nguvu mishipa hutanuka zaidi, na hapo ndipo utumwa wenyewe ulipo. Machozi bandia ya kawaida, yenye kaboksimethiliselulosi au haipromelozi, hayana uraibu. Ni maji yenye kitu cha kuyafanya yakae. Hayaponyi tezi, lakini yanafunika jeraha wakati ukandaji unafanya kazi yake, na nadhani kwa mwezi huu wa kwanza utayahitaji. Tia kabla ya kuanza kazi na kabla ya saa ile ya mchana, usisubiri yachome. Ukihitaji zaidi ya mara nne au sita kwa siku, omba yasiyo na kihifadhi, maana kihifadhi chenyewe kikizidi huchubua jicho. Chupa yenye kihifadhi ikishafunguliwa itupe baada ya siku 28 hata kama haijaisha.

Na sasa Kongwa. Mama yako alifanyiwa upasuaji wa vikope, maana yake alikuwa na trakoma iliyofikia hatua ya nywele za kope kugeuka ndani. Trakoma huambukizwa utotoni, mara nyingi na kwa kurudia, kwa mikono, nguo na nzi wanaotua kwenye uchafu wa macho, na watoto wa nyumba moja huambukizana. Kongwa ni miongoni mwa maeneo ambako ugonjwa huu umechunguzwa kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1980. Wengi walioupata wakiwa wadogo hawakumbuki chochote isipokuwa "macho mekundu ya utotoni". Lakini unaacha makovu upande wa ndani wa kope la juu, na makovu hayo hukaza polepole kwa miongo. Huharibu chembe zinazotengeneza ute, huziba tezi za mafuta, na baadaye hupinda ukingo wa kope mpaka nywele zinakwaruza kioo cha jicho.

Sisemi kwamba unayo. Nasema kwamba hisia ya mchanga kwa mtu aliyekulia Kongwa, mwenye mama aliyefanyiwa upasuaji huo, haiwezi kuitwa macho makavu ya kompyuta mpaka mtu ageuze kope la juu na kuangalia. Ni kazi ya sekunde tano kwa daktari, haiumi. Kama nywele mbili tatu zinagusa jicho, hakuna kukanda wala kupepesa kutakakosaidia, na kila siku inayopita inaongeza alama kwenye kioo. Wazee wetu huzing'oa kwa kibano. Usifanye, zikikatikia njiani, vishina vinavyobaki ni vikali kuliko nywele nzima. Hatua za mwanzo hurekebishwa kwa upasuaji mdogo wa kope, kwa ganzi, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kuna mambo mengine ambayo yakitokea usisubiri hata wiki: maumivu makali, kushindwa kutazama mwanga, kuona kunakopungua na kusirudi ukipepesa, doa jeupe kwenye sehemu nyeusi ya jicho, usaha wa njano au kijani, jicho moja tu kuwa jekundu sana, au jicho lililochomwa na jani, kijiti au kibanzi. Kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho na kukua nacho kionwe mapema; kingi huwa ni cha jua na vumbi tu, lakini katika eneo letu la Afrika Mashariki baadhi huwa ni saratani ya uso wa jicho, na ikiwahiwa hutibika. Na ukiona mdomo nao unakauka mpaka unashindwa kumeza mkate bila maji, viungo vya mikono vinauma asubuhi, sema hivyo kwa daktari. Kuna ugonjwa, uliopewa jina la daktari wa Sweden Henrik Sjögren, ambamo kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na mate, na huo hautibiwi kwa kitambaa cha moto peke yake. Kisukari nacho kipimwe kama hujapima karibuni.

Kwa hapo ulipo una pa kwenda: kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa ya mkoa, Hospitali ya Benjamin Mkapa, au Mvumi, ambako huduma za macho zina historia ndefu. Siku ya kwenda usipake wanja wala usitie matone asubuhi, ili waone macho yalivyo. Beba chupa zote ulizowahi kutumia, ile ya jirani ikiwa ya kwanza, na paketi ya Piriton. Waambie mambo matatu hata wasipouliza: steroidi miezi miwili, Kongwa, na upasuaji wa mama. Watatia rangi ya njano inayong'aa kijani kwenye mwanga wa bluu ili kuhesabu utando wako unapasuka baada ya sekunde ngapi, na huenda wakakuwekea kijikaratasi kwenye kope la chini kwa dakika tano kupima maji. Wakiamua kupanua mboni, utaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo mtafute mtu wa kukaa dukani, na urudi kwa daladala badala ya bodaboda.